Maswali yenu: kivinjari kipi kina matundu zaidi?

Nimeona orodha inayosema Chrome ina kasoro nyingi za usalama kuliko Firefox. Nihame? – Msomaji, Tanga

Usihame kwa hesabu hiyo. Chrome inachunguzwa na watafiti wengi mno, na Google huwalipa wanaofichua kasoro, kwa hiyo lazima zionekane nyingi. Isitoshe, matundu mengine ni ya wote. Septemba 2023 kasoro iligunduliwa kwenye libwebp, programu ndogo inayofungua picha za WebP. Picha iliyoundwa kwa hila iliweza kumfungulia mdukuzi mlango ndani ya kivinjari. Chrome, Edge, Opera na Firefox zote zilikuwa zikiitumia! Google ilitoa kiraka, yaani sasisho la kuziba kasoro, tarehe 11, Firefox kesho yake.

Kwa hiyo uliza kiraka kimekufikia lini. Juzi nilikaa kwenye kompyuta ya mhasibu mmoja: tabo zimebanana hadi majina hayasomeki, na juu kulia alama ya kusasisha imeshakuwa nyekundu, yaani toleo jipya lina wiki au zaidi. Kazi iliyobaki ilikuwa kuifunga Chrome na kuifungua upya. Mshahara wa watu wote wa ofisi hiyo unapita hapo. Tafadhali, ukiiona alama hiyo, usingoje jioni.

Kwenye iPhone natumia Chrome ili nikwepe kasoro za Safari. Nimepatia?

Hapana. Huku kwetu kila kivinjari cha iPhone kinaendeshwa na WebKit, injini ileile ya Safari. Viraka vyake huja na iOS, mfumo endeshi wa iPhone, basi sasisha iOS.

Simu yangu ni Android 7 na Chrome inafunguka vizuri tu. Kuna ubaya?

Upo, tena mkubwa. Kuanzia toleo la 120, la Desemba 2023, Chrome iliacha kuihudumia Android 7. Yako imekwama kwenye 119. Kasoro zilizozibwa baadaye kwa wenzako zinaweza kuwa bado wazi kwako, na maelezo ya nyingi yako hadharani. Simu hiyo usiingizie nywila ya benki wala ya barua pepe.

Opera Mini inaniokolea bando sana. Niitumie kuingia kwenye akaunti ya benki?

Ukiiweka kwenye hali ya kubana data kupita kiasi, usithubutu. Ukurasa hufunguliwa kwanza kwenye seva za Opera, ukabanwa, ndipo ukaletwa kwako, hivyo usimbaji, yaani kuficha data isisomwe na wengine, baina yako na benki unakatikia njiani. Soma nayo habari na matokeo ya mpira. Benki ifungulie kwenye programu yake yenyewe.