Digrii Haikulindi Kwenye Wodi ya Wazazi

Kwenye vikao vyetu vya Watanzania huku Ohio, ikitajwa kwamba wanawake Weusi Marekani hufa kwa mimba na uzazi kuliko wazungu, nasikia sana maneno haya: "Hizo takwimu ni za Weusi wa hapa. Sisi ni Waafrika, tumesoma, tuna bima." Dada yangu mwenye mimba, nakuomba usiyategemee.

Mwaka 2019 CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ilitoa takwimu za vifo vya akina mama ikiangalia rangi pamoja na elimu. Hatari ya mwanamke Mweusi mwenye digrii ilikuwa mara 5 hivi ya mzungu mwenye digrii kama yake. Ilizidi hata ya mwanamke mzungu ambaye hakumaliza sekondari. Iliniuma, maana sisi tumelelewa tukiambiwa shule ndiyo kinga. Shule inaleta kazi na bima, ni kweli, lakini pengo hili haijaliziba.

Na si suala la damu ya kurithi; tazama pengo jingine kama hili, la uzito wa watoto. Mwaka 1997 watafiti Richard David na James Collins wa Chicago walilinganisha uzito wa watoto waliozaliwa Illinois. Watoto wa akina mama waliozaliwa Afrika walikaribiana na wa wazungu. Wa Wamarekani Weusi ndio waliozaliwa wepesi. Lingekuwa jambo la kurithi, wetu wasingewazidi. Kisha mwaka 2002 wakaonyesha kwamba mabinti wa wahamiaji Weusi, wakishakulia Marekani, huzaa watoto wepesi kuliko walivyozaliwa wao wenyewe. Kizazi kimoja tu! Arline Geronimus wa Chuo Kikuu cha Michigan anasema tangu 1992 kwamba kubaguliwa siku hadi siku huuzeesha mwili mapema. Mimi nina binti anayekulia hapa, kwa hiyo kwangu hizi si habari za watu wengine.

Hospitalini nako kuna mengine. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia wa 2016 ulikuta nusu ya wanafunzi na madaktari wapya wazungu waliohojiwa wakiamini walau jambo moja la uongo kuhusu miili yetu, kwa mfano kwamba ngozi yetu ni nene zaidi. Nilipojifungua mimi, kichwa kiliniuma vibaya nikaambiwa ni uchovu. Wifi yangu aligoma kuondoka mpaka presha ipimwe upya. Ilikuwa imepanda sana.

Kwa hiyo usiende peke yako. Kichwa kinachokataa kutulia, macho kuona ukungu, pumzi kubana, uso kuvimba, mguu mmoja kuuma na kuvimba: hayo si ya kusubiri kesho. Zaidi ya nusu ya vifo hivi hutokea kuanzia wiki moja hadi mwaka mmoja baada ya mimba, na CDC inasema zaidi ya asilimia 80 vingeweza kuzuilika. Ukifika mapokezi, hata miezi imepita, anza kwa kusema umejifungua hivi karibuni. Wakikataa kukupima, omba waandike kwenye faili lako kwamba wamekataa na sababu yake.

Mkalimani wa Kiswahili ni haki yako kisheria, bila malipo. Mwombe hata kama Kiingereza unakimudu, maana uchungu huvuruga ulimi. Na mume, dada au shoga atakayekusindikiza, mweleze dalili hizi sasa hivi, kabla tarehe haijafika, kwa sababu ukishazidiwa yeye ndiye atakayebishana na daktari kwa niaba yako.