Umetoka kutazama filamu? Andika kabla haijapoa

"Picha kali sana, itafuteni." Ujumbe wa namna hiyo huingia kwenye makundi ya WhatsApp kila mwisho wa wiki, na kesho yake hakuna hata mmoja aliyeitafuta picha yenyewe. Aliyeandika hakudanganya. Ameguswa kweli, ila msomaji hajui kali kwa kipi, kwa mtu wa aina gani, wala kwenye nakala ipi. Maoni ya filamu hayadai usomi na hayadai urefu. Maneno 100 hadi 150 yanatosha kabisa, mradi ndani yake kuwe na tukio moja lililotazamwa kwa makini na kuandikwa mapema.

Mapema maana yake ndani ya nusu saa. Ukishaanza kuijadili filamu na wenzako, au kusoma walichosema wengine, macho yao yanaingia kwenye macho yako na huwezi tena kutenganisha ulichokiona na ulichosimuliwa. Kwa hiyo kabla ya lolote, andika mistari mitatu: picha moja iliyokuganda kichwani, sentensi moja ya mhusika kama alivyoitamka, na mahali ulipoanza kuchoka. Huu wa tatu watu huuruka kwa sababu unaonekana kama lawama, lakini ndio unaomsaidia msomaji kuliko yote. Ukitazama nyumbani, weka na dakika yake: "0:41, simu inaita, hapokei." Dakika hiyo itakuokoa utakapotaka kurudi kuhakikisha. Ukumbini simu ibaki mfukoni, mwanga wake unamsumbua wa nyuma yako. Subiri majina yaanze kupita, kisha andika hapo hapo kwenye kiti. Na usikimbilie mlangoni: filamu za mashujaa huficha kipande cha mwisho baada ya majina, na majina yenyewe ndiyo yatakayokuzuia kumpa mtu sifa ya kazi ya mwenzake.

Tuchukue mfano. Nairobi Half Life ni filamu ya Kenya ya mwaka 2012, iliyoongozwa na David "Tosh" Gitonga. Maoni ya haraka yangesema: "Inahusu kijana anayekwenda Nairobi, anaingia kwenye uhalifu, Joseph Wairimu kaigiza vizuri, 8/10." Hakuna kosa hapo, ila hakuna kitu pia, maneno hayo yangefaa kwa filamu hamsini nyingine. Sasa linganisha na haya:

"Mwas anauza filamu za kigeni kijijini, na ili mteja anunue, anamwigizia: anakuwa steringi, anakuwa adui, ngumi zote zake mwenyewe. Nilicheka, halafu nikaona kwamba filamu imeshaniambia kila kitu. Kijana huyu hajui kuishi bila kuwa mtu mwingine. Akifika Nairobi atakuwa mwigizaji jukwaani na mwizi mtaani, na mwili ni ule ule. Kiswahili na Sheng vimechanganyika kama vinavyosikika mjini. Atakayeipenda ni mtu anayevumilia ukali. Usiitazame na watoto."

Ni chini ya maneno 75. Msomaji amepewa tukio la mwanzo kabisa, kwa hiyo hakuharibiwa chochote. Amejua lugha, amejua ukali, na amepata sababu ya mguso: kipaji cha kuigiza ndicho kinachofungua filamu na ndicho kinachombeba mhusika kote. Angalia pia kwamba neno "nzuri" halimo. Ukijikuta umeliandika, jiulize: nzuri kwa sababu niliona nini, au nilisikia nini? Jibu la swali hilo ndilo uliandike, na "nzuri" uifute.

Kabla hujatoa lawama, hakikisha unalaumu filamu na si runinga yako. Hapa ndipo maoni mengi yanapokosea. Malalamiko ya "picha inaonekana kama tamthilia ya mchana" mara nyingi hutokana na mpangilio wa runinga unaobuni picha za katikati ili mwendo uwe laini. Filamu nyingi hupigwa picha 24 kwa sekunde; runinga ikijaza mapengo, mwendo unateleza na mandhari iliyojengwa kwa ajili ya filamu inaanza kuonekana kama karatasi. Kwenye Samsung mpangilio huo umeitwa Auto Motion Plus, LG huuita TruMotion, Sony huuita Motionflow. Ingia kwenye mipangilio ya picha, uuzime, kisha rudia dakika mbili ulizozichukia. Mara nyingi lawama inaisha hapo.

Mistari myeusi juu na chini nayo si kasoro. Filamu nyingi hutengenezwa kwa upana wa 2.39 kwa 1, wakati runinga za sasa ni 16 kwa 9, yaani kama 1.78 kwa 1. Ukikuza picha ili ijaze kioo, unakata takriban robo ya upana wake. Mhusika aliyesimama pembeni akisikiliza kwa siri anatoweka, halafu unaandika kwamba mgeuko wa hadithi "umetoka hewani". Ukivuta picha badala ya kuikuza, sura zinarefuka na miili inakonda. Acha mistari myeusi ilivyo.

Kwa sauti, lalamiko kubwa ni kwamba mazungumzo hayasikiki na milipuko inapasua masikio. Filamu iliyochanganywa kwa spika sita huweka sehemu kubwa ya mazungumzo kwenye spika ya katikati. Runinga yenye spika mbili ndogo inalazimika kuyasukuma yote pamoja, na mnong'ono unazama. Chagua sauti ya stereo kwenye mipangilio, au vaa visikilizio, kisha uhukumu. Halafu kuna nakala zilizorekodiwa kwa kamera ndani ya ukumbi: rangi zimefifia, vicheko vya watazamaji vimo, na pembe za picha zimekatwa. Kwa nakala ya aina hiyo hakuna uamuzi wa haki juu ya upigaji picha wala sauti. Jambo dogo zaidi, kwa wenye DVD za PAL, mfumo wa video wa picha 25 kwa sekunde: filamu ya picha 24 huchezwa kwa 25, hivyo ya dakika 120 huisha kama dakika 115. Usiandike kwamba "wamekata dakika tano".

Utamaduni wetu wa kutazama una jambo jingine ambalo lazima litajwe: filamu zilizotafsiriwa kwa sauti. Wasimulizi wanaozungumza juu ya picha, Lufufu kwa Tanzania na DJ Afro kwa Kenya, wamewafanya watu wengi wazipende filamu ambazo lugha zake hawazijui, na kazi yao ni sanaa kamili. Lakini msimulizi huongeza. Huwapa wahusika majina, hutia mzaha mahali palipokuwa kimya, huziba muziki. Ukicheka kwenye toleo la msimulizi, kicheko kinaweza kuwa chake kabisa. Kwa hiyo sema wazi: "nimeitazama kwa sauti ya msimulizi", na kama amekuvutia kuliko filamu, msifu yeye kwa jina. Ni haki yake. Maandishi ya tafsiri yanayopita chini ya picha nayo hupunguza maneno, kwa kuwa mtazamaji anahitaji muda wa kuyasoma huku akiitazama picha. Mazungumzo yakionekana makavu, huenda ukavu ni wa maandishi.

Turudi kwenye lawama za haki, maana zipo. "Uigizaji mbovu" ni hukumu isiyo na ushahidi. Mtazame mwigizaji wakati hasemi. Je, anamsikiliza mwenzake, au anasubiri zamu yake? Macho yanamtafuta mwongozaji pembeni? Anakatizwa maneno, lakini ananyamaza sekunde moja kabla ya kukatizwa kwa sababu anajua linakuja? Andika hicho. Kwenye Bongo Movie za bajeti ndogo, kinachodhaniwa ni uigizaji mbovu mara nyingi ni sauti. Sikiliza nyuma ya mazungumzo: mama akiongea, kuna feni na jogoo, kamera ikihamia kwa baba, kimya, ikirudi kwa mama, jogoo yule yule. Kila upande ulirekodiwa kwa wakati wake, na hakuna aliyerekodi sekunde 30 za ukimya wa chumba kile ili mhariri autandaze chini ya mazungumzo yote. Sikio linahisi kwamba watu wawili hawako sehemu moja, basi tunasema hawaigizi. Ukiliandika hivyo, hata mtengenezaji wa filamu atapata cha kufanyia kazi kesho yake asubuhi, tena bila gharama.

Muziki nao hudanganya, kwa wema. Kama umelia, rudia tukio lile kwa dakika mbili ukiwa umezima sauti. Ukiguswa tena, ni uso wa mwigizaji na picha. Usipoguswa, sifa mpe mtunzi wa muziki.

Kuhusu kumwaga mtama: kipimo ninachokiamini ni robo ya kwanza. Filamu ya dakika 100, zungumza kwa uhuru juu ya dakika 25 za mwanzo. Baada ya hapo eleza namna, usieleze tukio. "Yule mama anakunja kanga ile ile mara tatu, bila kusema neno" inatosha. Hakuna haja ya kusema alipokea habari gani. Epuka hata "kuna mgeuko mwishoni", kwa sababu msomaji atakaa filamu nzima akiusubiri na kuacha kuona kilicho mbele yake. Na usiseme nani anabaki hai. Wengi wetu tumekua tukiambiwa steringi hafi, na filamu inayovunja kanuni hiyo inahitaji tuiamini kanuni hadi dakika ya mwisho. Filamu iliyotokana na riwaya ina ugumu wake: Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, imetokana na riwaya ya Adam Shafi ambayo wengi waliisoma zamani. Usichukulie kwamba kila msomaji wako ameifungua. Na ukilinganisha, linganisha jambo moja tu unalolikumbuka kwa uhakika.

Nyota si lazima. Ukizitoa, zipe maana usiyoibadilisha kila wiki. Kipimo hiki kinafanya kazi: 5 ni nitairudia mwezi huu; 4 ni nitampigia mtu simu aitazame; 3 ni sijutii muda wangu; 2 ni nimemaliza kwa subira; 1 ni nimeizima. Ukiizima, taja dakika uliyoizimia. Ukisinzia, sema hivyo pia, maana usingizi wa saa sita usiku baada ya kazi si kosa la mwongozaji. Kwa Bongo Movie za enzi za DVD, zilizouzwa sehemu ya 1 na ya 2, eleza umeona ipi.

Ukishamaliza, ilaze. Asubuhi soma mara moja kwa sauti, hakiki majina ya waigizaji na mwaka, punguza sifa zilizorudiwa, ila usiiguse ile mistari mitatu ya kwanza hata kama inaonekana na jazba. Ukibadili mawazo baada ya kuitazama mara ya pili, usifute ya zamani. Ongeza tarehe na mstari mmoja chini yake: umeona nini safari hii ambacho mara ya kwanza kilikupita.