Mama lishe naye anaweza kupata ushauri wa fedha

Dada yangu, nimekuelewa: unauza chakula stendi, faida inapanda na kushuka, na benki wamekwambia ushauri wa fedha ni wa wateja wakubwa. Usianze na mshauri basi, anza na daftari. Mwezi mzima andika kila kinachoingia na kutoka, hata sahani anayokula shemeji bure. Bila hilo, mtaalamu naye atabahatisha tu.

Kisha jilipe posho maalumu, mtaji usiuguse. Kikoba kinafundisha nidhamu, lakini akiba ya dharura iwe ya kwako peke yako. Pa kuiweka, ulizia Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali ya Tanzania inayokusanya fedha za watu wengi na kuziwekeza kwa pamoja. Unaanza na kidogo, ila faida haina dhamana.

Ukihitaji mkopo, muone afisa maendeleo ya jamii wa kata. Halmashauri hutenga asilimia 4 ya mapato yake ya ndani kwa vikundi vya wanawake, bila riba. Foleni ipo, na kikundi kiwe kimesajiliwa.

Anayekuahidi faida ya uhakika kila wiki, mkimbie. Na anayejiita mshauri wa uwekezaji akuoneshe kwanza leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana.