Saa kuonyesha mapigo 175 ukikimbia taratibu

Mkuu, kama mapigo yanasoma 175 na bado unapiga soga na mwenzako, yaelekea saa inahesabu hatua zako, si moyo. Zile taa za kijani chini yake hufuata damu inavyopita; mkono ukitikisika hatua 170 na kitu kwa dakika, inachanganya. Ivae upana wa kidole juu ya kifundo cha mkono, uikaze. Bado? Simama, papo hapo pima shingoni sekunde 15, zidisha kwa 4, ulinganishe. Kwa mazoezi ya kasi ya vipande vipande, nunua mkanda wa kifuani kabla ya kufikiria saa nyingine: unasoma umeme wa moyo wenyewe, na saa nyingi za michezo huungana nao kwa Bluetooth.