Chavua Peke Yake Haitenganishi Michunga Miwili

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Dodoma. Katika bustani za mboga nimekusanya mimea miwili yenye maua ya njano, utomvu mweupe na majani yenye miiba pembezoni, ambayo wauza mboga huiita yote mchunga. Mwenzangu anadai kwamba nikiitazama chavua kwa hadubini nitajua mara moja kama ni spishi moja au mbili. Je, ni kweli?

JIBU: Ndugu mwanafunzi, mwenzako amesema nusu ya ukweli. Kwa maelezo yako, mimea hiyo yaelekea kuwa Sonchus oleraceus na Sonchus asper, ya jamii moja na alizeti, ingawa jina mchunga hupewa pia Launaea cornuta, ile mboga chungu iliyozoeleka. Mbaruti usiuingize humo: una miiba na maua ya njano, lakini utomvu wake ni wa njano, jamii yake ni nyingine, na mbegu zake zina sumu.

Chavua hukuonyesha kundi. Chembe za Sonchus zina matuta yanayozunguka vishimo, na juu ya matuta hayo vimesimama viiba vidogo, ilhali chembe za mimea ya miiba ya jenasi Carduus zina viiba bila matuta ya namna hiyo. Ugumu huanza kati ya ndugu wawili. Sonchus asper ina kromosomu (nyuzi zinazobeba urithi ndani ya seli) 18 na oleraceus ina 32, na wataalamu huiona hii ya pili kuwa uzao wa asper na spishi nyingine ya jenasi hiyo, Sonchus tenerrimus, yenye 14. Ndiyo maana zinafanana mno. Mmea wenye kromosomu nyingi mara nyingi hutoa chembe kubwa zaidi, lakini vipimo hupishana, kwa hiyo chembe tatu au nne za ua moja hazithibitishi lolote. Pima angalau 50, kutoka mimea kadhaa.

Kwa anatomia, yaani muundo wa ndani, bana jani kati ya vipande viwili vya kiazi, ulikate kwa wembe mpya, kisha upake vipande vya jani rangi ya safranini. Linganisha sehemu ileile, yaani katikati ya jani lililokomaa, na utazame mpangilio wa vifurushi vya zailemu na floemu (mirija ya maji na ya chakula) katika mshipa mkuu. Idadi ya stomata, vitundu vya jani vya kupitishia hewa, mimi siitegemei sana, kwa sababu hubadilika kwa jua na maji, na jani la bustani inayomwagiliwa si sawa na la mmea uliojiotea kando ya barabara.

Hata hivyo, ushahidi mzito zaidi hauhitaji maabara. Masikio ya jani yanayokumbatia shina ni ya mviringo kwa asper na yamechongoka kwa oleraceus. Tunda la asper ni laini katikati ya mistari yake, la oleraceus lina mikunjo na hukwaruza. Rudi bustanini ukachukue matunda yaliyokomaa kabla upepo wa Dodoma haujayapeperusha, kisha uyahifadhi pamoja na mmea uleule uliotoa chavua.