Maswali na Majibu: Dola Ndogo, Utopia na Shamba la Karafuu

*Maalim, hawa wanaojiita walibertari wanataka serikali ifutwe kabisa? (Msomaji, Wete)*

Walibertari ni watu wanaotanguliza uhuru na mali ya mtu binafsi mbele ya mamlaka ya serikali. Wapo wanaotaka hivyo, lakini mwanafalsafa wao anayesomwa zaidi, Robert Nozick wa Marekani, hakufika huko. Katika kitabu chake cha mwaka 1974, *Anarchy, State, and Utopia*, alitetea dola ndogo, yaani dola inayomlinda mtu dhidi ya nguvu, wizi na udanganyifu, na kusimamia mikataba. Kumtoza mtu kodi ya jasho lake ili apewe mwingine alikuona kuwa sawa na kumfanyisha kazi kwa lazima. Alikuwa akimjibu mwanafalsafa mwenzake, John Rawls, ambaye mwaka 1971 alikuwa ameandika kwamba tofauti za kipato zina haki pale tu zinapowafaa walio chini kabisa.

*Dola yenye kazi chache namna hiyo inaitwaje utopia? (Msomaji, Chake Chake)*

Utopia ni jamii bora ya kufikirika. Thomas More, mwandishi Mwingereza aliyelianzisha jina hilo mwaka 1516, alichora kisiwa kisicho na mali ya mtu binafsi, ambako watu hubadilishana nyumba kwa kura kila baada ya miaka 10 na hawasafiri bila ruhusa. Nozick alikataa mchoro mmoja wa watu wote. Kwake yeye, dola ndogo ni uwanja tu, na ndani yake watu wanaweza kuunda jamii za kila namna, hata ya ujamaa ambamo kila kitu ni shirika, mradi mtu aingie kwa hiari yake na mlango wa kutoka usifungwe. Hili naliona ndilo wazo lake bora kuliko yote.

Hata hivyo, lipimwe pwani. Viko vijiji vyetu vinavyokubaliana kufunga mwamba wa pweza kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, na siku ya kufungua watu huvuna wakubwa. Ni mfano mzuri wa jamii kujiwekea sharti. Lakini mama anayeshuka maji yakitoka, na kijiti chake mkononi, akichokoa pweza wa kitoweo cha siku ileile, je, alikuwepo kwenye kikao cha makubaliano? Na kama hakuridhika, ahamie wapi? Haki ya kuondoka humfaa mwenye nauli na mahali pa kufikia, na Nozick hakulishughulikia hilo kwa uzito unaostahili.

*Mkulima kulazimika kuuza karafuu zake kwa shirika la serikali peke yake, walibertari wanasemaje? (Msomaji, Mkoani)*

Wanasema ni dhuluma: aliyeotesha mkarafuu, akalipa wachumaji kwa pishi, akachambua makonyo na kuanika, ana haki ya kumuuzia amtakaye, na kinachoitwa magendo ni biashara halali iliyoharamishwa. Nakubaliana nao kwa sehemu kubwa, ingawa bei iliyotangazwa mapema humkinga mkulima mdogo na mlanguzi.

*Basi shamba lenyewe ni la nani kwa haki? (Msomaji, Mjini Unguja)*

Hapa ndipo penye kiini, na ndipo wengi wanapomsoma Nozick nusu. Alisema mali ni halali ikiwa ilipatikana kwa haki mwanzoni, kisha ikahama kwa haki, kwa kuuzwa, kurithiwa au kutolewa zawadi. Na palipoingia dhuluma, lazima irekebishwe; hiyo ndiyo kanuni yake ya tatu. Mashamba yetu makubwa ya karne ya 19 yaliendeshwa kwa kazi ya watumwa, na hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa hapa Zanzibar mwaka 1897 tu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ikawa ya umma, na wakulima wakagaiwa eka tatu tatu. Anayemtaja Nozick ili kutetea hati za zamani bila kuuliza jasho la nani lilizizaa, anaiacha kanuni ya tatu. Nozick mwenyewe alikiri kwamba dhuluma zilizopita zinaweza kuwa kubwa kiasi cha kuhitaji, kwa muda, dola kubwa zaidi ya ile aliyoitetea.

Kanuni hiyohiyo, hata hivyo, inamsemea pia aliyenunua kishamba chake kwa fedha ya halali kisha kikachukuliwa pamoja na vya mabwana. Kuwapima wote kwa kipimo kimoja, kwa sababu tu walikuwa na miti, hakukuwa urekebishaji. Nozick alidai historia ya kila mali ichunguzwe, lakini hakutupa njia ya kuichunguza pale ambapo waliodhulumiwa walikufa bila hati wala majina kuandikwa.

*Je, alibaki na msimamo wake? (Msomaji, Wete)*

Mwaka 1989 aliandika kwamba msimamo ule sasa anauona una upungufu mkubwa, kwa kuwa haukuipa nafasi haja ya watu kuonyesha pamoja, kupitia serikali yao, kwamba wanajaliana. Nalikubali hilo, lakini laiti angerudi pia kwenye kanuni ya tatu, maana katika kitabu cha 1974 aliipa kurasa chache mno.