Muulize Shangazi: Jirani anamaliza luku, na mimi nimeokoka sitaki ugomvi

Shangazi shikamoo. Nimepanga huku Nkuhungu, nyumba ina vyumba sita na luku ni moja, kila chumba tunachanga elfu tano. Sasa jirani yangu kanunua friza anauza barafu na mtindi, umeme unakata hata wiki haijaisha na yeye bado anatoa elfu tano ileile. Mimi nimeokoka, sitaki ugomvi, nikanyamaza nikamuweka kwenye maombi ya jumuiya, nikawa naweka na mistari ya Zaburi kwenye status. Sijui nani kamwambia, siku hizi ananipita hata salamu hakuna. Yeye ni Muislamu, kila Idd alikuwa anatuletea pilau. Kanisani wengine wananiambia geuza shavu la pili, wengine wanasema hama tu. Nifanyeje?
Mpangaji, Nkuhungu

Marahaba mwanangu, na pole. Ila usinikasirikie, wewe hujanyamaza hata kidogo, umeongea na kila mtu isipokuwa yeye. Jumuiya nzima inaijua hiyo friza, waliosoma status wameshaelewa anasemwa nani, mwenyewe ndio kaja kusikia wa mwisho tena kwa mdomo wa mtu mwingine, sasa hapo atakusalimiaje? Haya maombi yetu ya kutajana majina bwana, mara nyingi ni umbea tu umefungwa kitenge cha kanisani. Mathayo 18:15 inasema ndugu yako akikukosa nenda ukamwonye "wewe na yeye peke yenu", mashahidi wanakuja baadaye akikataa kusikia, na kanisa linakuja mwisho kabisa. Wewe umeanzia mwisho.

Halafu hilo shavu. Watu wanalitumia kama vile Yesu alisema uonewe ukae kimya, hapana. Siku yule askari alipompiga kofi mbele ya kuhani mkuu hakurudisha kofi, lakini alimuuliza, kama nimesema vema "wanipigia nini?", iko Yohana 18:23. Hakulipiza na hakunyamaza, vyote viwili kwa pamoja, na hapo ndipo wengi wetu panapotushinda, tunajua kupigana au kununa basi.

Kwa hiyo piga hodi kwake asubuhi, wateja wa barafu wakiwa bado. Anza na la kwako, mwambie zile status zilikuwa zinamsema yeye na unaomba radhi, usizungukezunguke. Akishapoa ndio uongelee uniti, sema tulikuwa tunamaliza mwezi na sasa wiki haiishi, dada tunafanyaje? Usimwambie wewe mwizi. Pengine hata hajui friza inakula kiasi gani, akiuza anaona hela inaingia basi. Submita ya chumba chake fundi anafunga, mkimshirikisha mwenye nyumba mapema, au aongeze mchango mpaka hapo mtakapofunga. Akigoma kabisa muite mwenye nyumba, na mjumbe wa mtaa yupo, kumpelekea jambo mjumbe sio kukosa upendo. Kuhama nako sio dhambi, Isaka aliviacha visima viwili vilivyogombaniwa akaenda kuchimba cha tatu, Mwanzo 26, ila yeye alihama baada ya kugombewa uso kwa uso, wewe hata hodi hujapiga.

Na Uislamu wake umeuleta wa nini kwenye barua? Friza haina dini. Idd ikifika usisubiri sahani, nenda kampe mkono wa Idd, hata kama submita bado haijafungwa.

Shangazi, niko Mpwapwa, kuna ndugu kaja kanisani kwetu anasema Mkristo kula nyama iliyochinjwa na Muislamu ni kushiriki ibada yao. Nimeanza kuogopa hata pilau la jirani.
Kijana, Mpwapwa

Kula mwanangu. Paulo aliulizwa kitu kinachokaribiana kabisa na hicho na Wakorintho, akawajibu mkialikwa na mtu asiyeamini na mnataka kwenda, kuleni kinachowekwa mbele yenu "bila kuuliza-uliza", 1 Wakorintho 10:27. Hapa Dodoma Jumamosi nenda mnada wa Msalato, watu wa kila dhehebu wamekaa benchi moja wanang'ata mbuzi choma, anayeulizwa habari ni pilipili. Kama dhamiri yako inakusumbua kweli acha, kula mboga, hakuna atakayekuhukumu, lakini usiwatangazie wenzako kwamba wanatenda dhambi. Maneno ya namna hiyo yanaanza kama mahubiri tu. Februari 2013 kule Buseresere, Geita, ubishi wa nani achinje ulifika mahali mchungaji akauawa. Huyo ndugu muulize kama anaikumbuka hiyo.

Shangazi, mwenzangu alikula hela zangu za kikoba, nimemsamehe kabisa toka moyoni. Sasa karudi anaomba nimkopeshe laki. Nikikataa si nitakuwa sijasamehe?
Mama wa Chang'ombe

Kusamehe umeshasamehe, laki ni habari nyingine. Luka 6:35 inasema tukopeshe bila kutumaini malipo, kwa hiyo jiulize, hiyo laki ukiiaga leo moja kwa moja watoto watakula? Kama hawatakula mwambie sina ya kukopesha, mpe elfu tano ya unga na mboga, na usimwandike popote.